Maji na choo katika nchi ya barafu: mwongozo kamili kwa nyumba isiyo na bomba

Kaskazini na magharibi mwa Alaska, jimbo la Marekani, kuna vijiji zaidi ya 30 vya wenyeji, wengi wao Wayup'ik na Wainupiat, ambavyo nyumba zake hazina bomba la maji wala choo cha kuvuta. Choo ni ndoo ya plastiki ya lita 19, ndani imevikwa mfuko, juu ina kiti. Jina lake la huko ni honey bucket, yaani ndoo ya asali. Ikijaa, mtu wa nyumbani anafunga mfuko na kuubeba kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri hadi kwenye pipa la kijiji au bwawa la maji taka. Mifuko mingine hupasuka njiani, palepale watoto wanapopita. Maji nayo yanachotwa kwenye jengo la pamoja lenye mtambo wa kusafishia maji, bafu na mashine za kufulia, kisha yanaletwa nyumbani kwa madumu juu ya sleji, chombo cha kuburuta juu ya theluji.

Mwongozo huu ni kwa fundi, ofisa afya au mwanafunzi anayetaka kujua nyumba ya namna hiyo inatengenezwaje, hatua kwa hatua, bila kusubiri bomba. Wengi wetu tumefundishwa usafi wa mazingira kwa choo cha shimo. Huko mara nyingi shimo halichimbiki, na likichimbika aghalabu halinywi maji. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwetu ni kitu kingine, na nitakifikia kwenye hatua ya nne.

Niseme mapema ninachokiamini, maana mpangilio wote unatokana nacho: anza na maji ya mikono, choo kifuate. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha maeneo ya vijijini Alaska na kukuta kwamba pale nyumba chache zina maji ya bomba, watu wengi zaidi hulazwa kwa nimonia, mafua makali na maambukizi ya ngozi. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulifuatilia vijiji vinne vya magharibi kabla na baada ya kuwekewa bomba. Matumizi ya maji yalipanda kutoka kama lita 6 kwa mtu kwa siku hadi karibu lita 97, na watu kwenda zahanati kwa magonjwa ya kifua, ngozi na tumbo kukapungua. Lita 6 ni maji ya kunywa na kupikia. Kunawa kunabaki kwenye beseni moja, familia nzima ikichovya mikono humohumo kutwa nzima.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya lita kabla ya kununua chochote

Kaa na familia mezani. Andika watu wangapi wanalala humo (usiulize wangapi wameandikishwa, kwa sababu nyumba hubeba shangazi, wajukuu na wageni), nani anachota maji, kwa chombo gani, umbali gani.

Chukua mfano wa watu sita. Choo cha kuvuta hutumia kama lita 6 kila kikivutwa. Mara tano kwa siku kwa watu sita ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20 yanayoletwa kwa mkono ili yapotee chooni. Haiwezekani, na hata pale ambapo gari la maji hupita nyumba kwa nyumba, gharama huwafanya watu wabane maji mpaka faida ya kiafya ipotee. Ondoa choo cha maji kwenye hesabu. Weka lita 15 kwa mtu za kunywa, kupika, kunawa na kuoshea vyombo: jumla 90 kwa siku, madumu manne na nusu. Tangi la lita 380 litawatosha siku nne.

Kama hakuna kijana mwenye nguvu ndani ya nyumba, namba hii ishushe sasa hivi na utafute namna nyingine ya kujaza tangi, hasa maji ya mvua ya kiangazi, yaani majira ya joto ya huko, kutoka paa la bati. Mfumo unaomtegemea bibi wa miaka 75 kuburuta sleji utaachwa wiki ya kwanza ya dhoruba.

Hatua ya 2: Ijue ardhi iliyoganda

Ardhi iliyoganda ya kudumu ni udongo au mwamba uliobaki kwenye nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Uulize udongo swali moja: una barafu kiasi gani ndani? Changarawe kavu iliyoganda ikiyeyuka hubaki karibu palepale. Udongo laini uliojaa barafu ukiyeyuka huwa tope, na nyumba huzama upande.

Kwa hiyo nyumba huinuliwa. Acha nafasi ya angalau sentimita 60 chini ya sakafu, upepo wa baridi upite na kuondoa joto linaloshuka. Usizibe nafasi hiyo kwa mbao ili kuweka vifaa. Nguzo ziwe na skrubu za kurekebisha kimo, kwa sababu kusogea kutakuwepo, na fundi mwenye jeki na pima maji (kifaa cha kupimia usawa) anaweza kuisawazisha nyumba kabla milango haijaanza kukwama. Tazama pia theluji inakorundikana: mlango uwe upande ambao upepo unaufagia, usiwe upande wa nyuma ambako theluji hutua na kuuziba.

Kuna vijiji ambavyo tatizo ni ardhi yenyewe kuondoka. Kivalina iko kwenye ukanda mwembamba wa changarawe pembeni mwa Bahari ya Chukchi, na mawimbi yanaula ufuko. Newtok, kijiji cha Wayup'ik, kimelazimika kuhamia Mertarvik ng'ambo ya mto, familia za kwanza zikihama mwaka 2019. Mahali kama hapa serikali husita kufukia mabomba ya mamilioni ya dola, na watu hubaki na ndoo miaka nenda miaka rudi wakisubiri kuhamishwa. Kwa ajili yao shirika la afya la wenyeji wa Alaska, ANTHC, pamoja na kituo cha utafiti wa nyumba za nchi baridi cha Fairbanks, walibuni mfumo unaohamishika, PASS, na mwaka 2015 ukajaribiwa kwenye nyumba tisa za Kivalina. Hatua zinazofuata zinafuata mantiki ya mfumo huo: kila kifaa kinaweza kufunguliwa na kuhama na nyumba.

Hatua ya 3: Tengeneza hewa na ukuta kabla ya kuingiza maji

Hapa ndipo miradi mingi hukosea, kwa sababu wa maji hawazungumzi na wa nyumba. Ukiongeza maji ndani ya nyumba isiyopumua, umeongeza ukungu ukutani na kikohozi kifuani mwa mtoto.

Familia ya watu wanne, kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo tu, hutoa lita kadhaa za mvuke kwa siku, hata 10. Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa matone inapogusa kitu chenye nyuzi 6. Unyevu ukifika asilimia 60, matone yanaanza kwenye nyuzi 12, na katika nyumba yenye watu wengi asilimia 60 ni jambo la kawaida. Kona ya chumba nyuma ya godoro, fremu ya dirisha, kichwa cha msumari: vyote viko chini ya nyuzi 12. Pima. Kipimo kidogo cha unyevu ni cha bei nafuu, nawe kiache nyumbani humo wiki nzima.

Ndani ya ukuta ni pabaya zaidi kwa sababu hapaonekani. Kanuni inayotumika Fairbanks ni kuweka angalau theluthi mbili ya kihami joto (nyenzo ya ukutani inayozuia joto kutoka) upande wa nje wa karatasi ya kuzuia mvuke. Jaribu hesabu: ndani nyuzi 20, nje 40 chini ya sifuri, tofauti ni 60. Theluthi moja ya tofauti hiyo, nyuzi 20, ikipotea upande wa ndani, karatasi inakaa kwenye nyuzi sifuri. Kwa familia ndogo yenye hewa kavu inatosha. Kwa nyumba ya watu tisa wanaochemsha nyama ya sili kutwa, mimi ningesogeza karibu kihami chote nje na kuacha nafasi ya nguzo za ukuta tupu, ili karatasi ibaki ya joto. Huko Quinhagak, kijiji cha Wayup'ik kinachopigwa na mvua ya upepo kutoka Bahari ya Bering, nyumba nyingi za miaka ya 1970 zilikutwa zimeoza kuta. Nyumba ya mfano iliyojengwa huko mwaka 2010 ilipewa pembe nane, umbo lililotokana na mazungumzo na wenyeji wenyewe, na upepo huizunguka bila kurundika theluji mlangoni.

Kisha weka njia ya hewa yenye feni, na feni hiyo isizimwe. Bora zaidi ni mashine inayopitisha hewa chafu inayotoka jirani na hewa safi inayoingia, zikabadilishana joto bila kuchanganyika. Ikishindikana, feni ndogo ya umeme mdogo inayovuta kutoka chooni na tundu la kuingizia hewa upande wa pili wa nyumba. Lakini kabla ya kuwasha feni yoyote, kagua jiko la mafuta linalopasha nyumba. Kama jiko linavuta hewa yake kutoka chumbani, feni inaweza kuugeuza moshi urudi ndani na kuua watu usingizini. Jiko liwe la aina inayovuta hewa kutoka nje kwa bomba lake, na kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na wanakolala. Hili halina mjadala.

Mlango wa nje uingilie kwenye kibaraza kilichozibwa, kisichopashwa joto, chenye mlango wa pili kabla ya kufika ndani. Hapo ndipo viatu, manyoya na samaki hukaa, na upepo hukatikia hapo.

Hatua ya 4: Tangi, sinki na maji yanayotiririka

Anayekijua kibuyu chirizi ameshaelewa hatua hii. Dumu lililotobolewa, kamba na kijiti cha kukanyagia vimefundisha shule nyingi za Tanzania kwamba nusu lita inayotiririka inasafisha kuliko beseni zima lililotuama. Alaska kanuni ni ileile, ila kibuyu kiko ndani ya nyumba na kimekua. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, ANTHC walitoa toleo dogo la PASS ambalo kimsingi ni kituo cha kunawia: tangi dogo, sinki na bomba lake.

Tangi liweke juu kuliko sinki ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Sasa angalia uzito. Lita 380 ni kilo 380, bila tangi, juu ya mita ya mraba moja. Usilitundike kwenye ukuta wa mbao nyembamba. Litengenezee meza ya mbao nene ambayo miguu yake inakanyaga juu ya mihimili ya sakafu, na iwe ukuta wa ndani, mbali na ukuta wa nje. Mabomba yote yapite ndani ya chumba, yaonekane, yasijifiche ukutani ambako yataganda.

Chagua bomba la sinki linalotoa maji taratibu na kujifunga lenyewe. Familia ikiona kunawa hakumalizi tangi, beseni la pamoja litaondoka bila hotuba.

Maji yaliyochotwa kwenye mtambo wa kijiji tayari yana klorini. Tangi lisafishwe mara kwa mara, liwe na mfuniko, na asiwepo mtu wa kuchovya kikombe. Klorini iliyobaki kwenye maji isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Maji ya mvua ya kunawia yatie dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya asilimia 5 hadi 6: matone mawili kwa lita, au mililita 2 kwa dumu la lita 20, yakiwa masafi. Subiri nusu saa, na maji yakiwa baridi sana subiri zaidi.

Wazee wengi hupenda maji ya barafu ya mto au ya madimbwi ya tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, kwa chai yao, kwa kuwa hayanuki dawa. Usigombane nao. Watengee chombo chao chenye mfuniko na bomba, na mkubaliane maji hayo yachemke yakitokota dakika moja kamili. Klorini haiwezi kuaminiwa dhidi ya vimelea vyote vya maji ya dimbwi, kwa hiyo hapa moto ni bora kuliko dawa.

Hatua ya 5: Tenganisha mkojo na kinyesi

Mtu mzima hutoa kama lita moja na nusu ya mkojo kwa siku, lakini kinyesi ni gramu mia chache tu. Kwa familia yetu ya watu sita, pamoja na watoto, mkojo ni lita 7 au 8 na kinyesi hakizidi sana kilo moja na nusu. Ndoo inajaa kwa siku mbili kwa sababu ya mkojo, inanuka kwa sababu viwili hivyo vimechanganyika, na inamwagika kwa sababu ni uji. Vitenganishe, na kazi kubwa imekwisha.

Kiti chenye kingo ya kutenganisha kinatosha: tundu la mbele linapeleka mkojo kwenye bomba, la nyuma linaangusha kinyesi kwenye ndoo yenye mfuko. Wanaume waelezwe kwamba huku ni kukaa, wote, kila mara. Waelezwe na mwanamume mwenzao wa kijijini, siku ya kufunga kiti.

Ndoo ya kinyesi ifungwe ndani ya kisanduku kilichozibwa, na feni ya hatua ya tatu ivute hewa kutoka humo. Choo cha shimo cha kwetu chenye bomba la hewa hutegemea jua na upepo. Kule majira ya baridi jua ni kidogo sana, hivyo feni ndiyo inayokikausha kinyesi na kuipeleka harufu nje. Bomba la kutolea hewa liwe na kipenyo cha kama milimita 100, fupi, lililonyooka, na limevikwa kihami sehemu yote iliyo nje. Bomba jembamba huota barafu ndani kutokana na mvuke wake lenyewe, tundu likapungua mpaka likaziba, na asubuhi moja ya Januari nyumba nzima inanuka. Kila mara baridi ikizidi, mtu atoke aangalie mdomo wa bomba.

Karibu na choo kuwe na bomba la kunawia. Kama nafasi ni finyu, sogeza choo kiufuate sinki.

Hatua ya 6: Maji machafu na mkojo viende wapi

Inategemea ardhi uliyoipima. Kwenye changarawe, kama Kivalina, shimo dogo la kunyonyea lililojazwa mawe linaweza kupokea mkojo na maji ya sinki, likiwa mbali na nguzo za nyumba na mbali na chanzo cha maji. Kwenye udongo wenye barafu, usimwage kitu chochote cha uvuguvugu chini au kando ya nyumba. Kila ndoo ya maji ya vyombo inapeleka joto ardhini, na baada ya misimu kadhaa nguzo ya upande huo itazama. Hapo weka chombo cha kukusanyia na uyapeleke kwenye bwawa la maji taka.

Bomba la kutoa nje lisiruhusiwe kudondosha kidogokidogo. Matone huganda yakiwa njiani na kujenga barafu mpaka bomba linaziba. Yakusanye ndani kwenye ndoo yenye koki, kisha yaachie yote kwa mkupuo yakiwa bado na joto; bomba liwe fupi, pana, lenye mteremko mkali.

Hatua ya 7: Kuondoa kinyesi

Ni heri kilo moja na nusu kikavu kuliko lita 19 za uji, lakini bado ni hatari. Kuganda hakuui vimelea vyote. Huvihifadhi, na theluji ikiyeyuka vinaamka. Kinyesi kilichohifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 20 huhitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kuhesabiwa salama kiasi, na miezi ya kuganda usiihesabu. Kwa hiyo usiwaambie watu ni mbolea. Mifuko ikae kwenye pipa gumu lenye mfuniko unaofungwa, ambalo mbwa na kunguru hawawezi kulifungua, kisha ipelekwe jaa la kijiji kwa siku maalumu. Anayebeba awe na glavu za kazi hiyo tu, na sleji ya kinyesi isiwe ile ya maji. Kama familia ina sleji moja, nunua ya pili ndani ya bajeti ya mradi. Nimeona bajeti zikiacha kitu hiki kidogo huku zikilipia vibao vya matangazo.

Hatua ya 8: Oda, vipuri na ukaguzi wa mwaka

Vifaa vizito hufika kwa meli ya shehena wakati wa kiangazi tu, bahari na mito ikiwa wazi. Kilichosahaulika kitakuja kwa ndege kwa bei ya kuumiza, au kitasubiri mwaka mwingine. Agiza feni mbili za akiba kwa kila nyumba, bomba la sinki la akiba, mipira ya koki, na mifuko ya mwaka mzima. Chagua vifaa ambavyo kijana wa kijijini anaweza kuvifungua kwa bisibisi na spana, na umlipe kijana huyo kama fundi.

Oktoba, kabla ya giza, safisha tangi, badilisha kichujio cha hewa, jaribu kengele ya kaboni monoksidi, na hakikisha nafasi chini ya nyumba haijazibwa. Katikati ya baridi soma kipimo cha unyevu na ugonge barafu kwenye mdomo wa bomba la hewa. Mei theluji ikiyeyuka, okota mifuko iliyopasuka kabla maji hayajaitawanya. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa imeyeyuka karibu na kina chake cha mwisho, weka pima maji sakafuni, pembe zote nne, andika vipimo ukutani nyuma ya mlango, na urekebishe nguzo kabla haijaanza kuganda tena.